Mgomba wa Mama Uliobaki Mzima

Naishi mjini, mtaa wa Muhumba, na kazi yangu ni ya maabara: nakata mizizi ya migomba nikitafuta kuvu nzuri zinazoishi ndani yake. Zipo kweli. Zinakaa ndani ya mzizi bila kuudhuru, na kuvu mbaya ya mnyauko ikija, inakuta nyumba ina wenyewe. Mahali pazuri pa kuzitafuta ni kwenye mgomba uliobaki mzima katikati ya shamba lililougua.

Mgomba wa namna hiyo tulikuwa nao nyumbani. Niliung'oa mimi.

Nilikuwa agronome mpya, mtaalamu wa kilimo mwenye buti mpya na maneno mengi. Mnyauko ulikuwa umeingia shambani kwa mama, kijijini Miti, kwenye zile ndizi ndogo tamu alizokuwa akiuza kando ya barabara ya Kavumu. Majani yalikuwa yamegeuka njano na kuangukia shina. Nilichofundishwa kilikuwa kifupi: ng'oa yote, choma. Majirani walikuja kutazama, nami nikavimba kichwa.

Karibu na jiko kulikuwa na shina moja la kijani kibichi, lenye mkungu. Mama alisimama mbele yake. Akaniita papa, yaani baba, kama anavyoniita akitaka kunibembeleza.

"Papa, hii moja iko muzima. Miaka yote iko katikati ya wagonjwa, haiguswe. Uniachie hii."

"Maman, nayo itagonjwa tu. Tulisoma vile ku université."

"Unaijua kuliko mimi mwenye niliipanda?"

Nilichukua jembe. Mizizi ilitoka myeupe, haina hata doa, na niliona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: niliona. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaitupa motoni pamoja na mingine.

Mwezi uliopita nilimpelekea miche tuliyoitia kuvu nzuri, zilizotoka shambani kwa mtu mwingine. Nikamweleza yote, hata kwamba huenda mgomba wake ulikuwa nazo, na kwamba sasa hakuna njia ya kuthibitisha. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimechelewa sana.

Alikuwa amechuchumaa, akishindilia udongo kwa viganja.

"Ile siku nilikuambia nini?"

"Ulisema iko muzima, maman."

"Kumbe ulisikia," akasema, akanyoosha mkono nimpe mche mwingine.