Watoto Ambao Sikuwahesabu

Niliacha shule mapema nikatangatanga hadi Mulekera, na nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu. Wakati wa vita, karani wa maternité, nyumba ya kuzalishia, alikimbilia Butembo, mimi nikapewa daftari lake. Muuguzi alinieleza kwamba mimba zilizotoka hulinganishwa na watoto waliozaliwa. Jambo hilo likanipanda kichwani kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Mwisho wa mwezi nikalinganisha. Mimba zilizotoka zilikuwa kama za siku zote, maana waliotokwa damu waliletwa kutibiwa, ila waliozaliwa walikuwa wachache mno. Siku ya chanjo nikasimama mbele ya akina mama wote, nikatangaza kwa sauti ya daktari kwamba hapa kwetu sasa mimba zinatolewa ovyo.

Macho yote yakamgeukia mkunga wetu, Mama Kahindo. Mmoja akanong'ona kwamba ndiye anayezitoa: "Donc ni yeye anazitosha."

Mama Kahindo aliniuliza polepole, "Etienne, batoto benye ulihesabu, ni ba wapi?"

"Ba mu registre, Mama," nikamwonyesha daftari.

"Mais mwezi huu nani alizalia humu? Si masasi ya vita ilitufukuza shote?" Akawageukia akina mama. "Mwenye alizalia mu pori ao mu shamba, anyanyue mutoto wake."

Watoto wakanyanyuliwa, safu kwa safu, hadi sikuona tena nyuso za mama zao. Mbele kabisa alikuwa dada yangu Masika, amemwinua Etienne mdogo, aliyepewa jina langu. Nilimbeba mwenyewe kutoka shamba la mihogo alikozaliwa, wala sikumwandika.