Fundi wa Katwe Anayezifunza Geji Kusema Kweli

Saa mbili asubuhi, Robinah Nakanwagi anamimina petroli kwa chupa ya soda kwenye tangi la pikipiki kuukuu, huku watu wazima wawili wameikalia na hawaendi popote.

"Ssalongo, usijitikise," anaonya. "Mshale unacheza."

"Nitatulia vipi na watu wote hawa wananikodolea macho?"

Ssalongo Tebandeke, baba wa mapacha, ni mwendesha bodaboda. Nyuma yake ameketi mkunga Erina Namusisi, mkoba wa kazi mapajani. Huyu hacheki. Amekuja kuamua kama ataendelea kubebwa na Ssalongo, aliyembeba miaka sita, au atafute mwingine.

Wapita njia wa Katwe hawakosi neno. Wanauliza harusi ni lini.

Robinah, 43, ni fundi wa geji, vile vipimo vya mafuta vya pikipiki. Pikipiki za zamani zikiharibikiwa geji hufungwa za kuokoteza, na geji mgeni hailijui tangi la mwenyeji. Basi yeye humimina chupa baada ya chupa, akatazama mshale, akachora alama juu ya kioo kwa rangi ya kucha. Hulipwa shilingi 15,000 za Uganda kwa geji moja, na kwa hizo amesomesha watoto watatu.

Geji ya Ssalongo aliipima wiki mbili zilizopita. Siku ya nne pikipiki ilizima njiani, mkunga akiwahi kwa mama mwenye uchungu. Mshale ulikuwa bado juu ya alama nyekundu.

"Nilikimbia kilomita mbili kwa miguu," anasema Erina. "Mtoto alinitangulia. Nilimkuta analia mikononi mwa bibi yake. Ni Mungu tu."

Robinah hakutafuta wa kumsingizia. Bodaboda huegeshwa zikiegemea stendi ya pembeni, naye miaka yote alizipima hivyo hivyo. Lakini geji hii boya lake, linaloelea juu ya petroli na kusukuma mshale, limekaa kulia mwa tangi. Pikipiki ikilalia kushoto, petroli hulikimbia boya. Ikisimama wima, mshale hupanda na kudanganya.

"Nilipima pikipiki iliyolala, na watu wanaendesha iliyosimama," anasema, akijicheka. "Hata kichwa changu nilikuwa nimekiegesha!"

Ndiyo maana leo wenyewe wamepandishwa, pamoja na mkoba.

Alama mpya inachorwa pale inapobaki chupa moja. Erina anataka ushahidi: chupa hiyo iwafikishe Kajjansi, zaidi ya kilomita kumi. Koki ya akiba, ya kufungulia petroli ya mwisho tangini, iliziba zamani, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Wanaondoka. Robinah anafuata kwa bodaboda nyingine, petroli ya ziada mkononi, roho juu. Kajjansi wanaipita. Mita mia tatu mbele pikipiki inakohoa na kuzima, na Ssalongo anarusha mikono akishangilia. Wauza ndizi wanamshangaa mtu anayefurahia kuishiwa mafuta.

Erina anashuka, anakitazama kioo, halafu anamtazama dereva wake.

"Jumatatu saa moja," anasema. "Na uje umeoga."

Robinah anakaa ukingoni mwa barabara. Lakini kazi bado. Geji kumi na moja za aina hiyo alizipima zikiwa zimelala.

"Wenyewe watano nina simu zao. Sita nitawatafuta kijiwe kwa kijiwe, niwapimie upya bure."

"Watakucheka, nnyabo," anasema Ssalongo.

"Wacheke. Ila wachekee kwenye pikipiki inayotembea."