Chupa ya Maji ya Chini

"Shangazi, kwa nini usiende tu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nikikaa kwenye kiti cha meza kubwa na miguu haijafika sakafuni. Yeye alikuwa ameinamia andalio la somo la kesho, anachora mto. Alianzia juu kushoto na vijito vitatu vyembamba, akaviunganisha, akauteremsha mto ukipindapinda hadi karibu na kona ya chini ya karatasi. Hapo kalamu ikasimama. Mwisho wa mto hakuuchora. Aliacha nafasi tupu, akaipiga picha karatasi kwa simu, akaituma.

"Niende wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Huko mto unakoishia. Si kila siku unamuuliza mtu huko kukoje?"

Bibi, mama yake Shangazi, alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Akacheka. "Haya, mwalimu, jibu. Mwanafunzi kauliza."

Shangazi akanituma nikamletee rula. Nikakimbia, nikaleta. Hakuitumia. Na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana Shangazi hachori kwa rula hata siku moja, na hilo shule nzima inalijua.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na anafundisha jiografia kwenye shule ya sekondari iliyo juu ya kilima chetu. Wanafunzi wanamwita Madamu Kontua. Akifundisha kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, anamwambia kila mtu akunje ngumi, kisha achore kwa kalamu duara moja kuzunguka kilele cha kila kifundo, halafu duara jingine chini yake, na jingine, hadi mkono mzima ujae mistari. "Sasa nyoosha vidole," anasema. Mkono unalala bapa, vilima vinatoweka, na ile mistari inabaki imetandazwa kama ramani. Ndiyo maana ukikutana njiani na mtoto ana wino kwenye ngumi kama aliyepigana na kalamu, ujue ametoka kwa Madamu Kontua. Bibi alikuwa akiona mikono yangu anasema, "Sabuni ya nyumba hii inaishia kwenye jiografia."

Mto wenyewe unaanzia kwetu. Nyuma ya shule ni mwembamba kiasi kwamba mbuzi anauruka. Chini kabisa, baada ya mwendo wa nusu siku kwa basi, unaingia ziwani. Karibu na hapo kuna shule nyingine, na mwalimu wa jiografia wa shule hiyo tulikuwa tunamwita Wa Chini. Yeye alimwita Shangazi Wa Juu.

Walisoma pamoja chuo cha ualimu, meza moja, ramani moja. Barua za kupangiwa kazi zilipotoka, kila mmoja akatupwa ncha yake ya mto. Kabla ya kuagana wakawekeana utaratibu ambao sijamwona mwalimu mwingine akiufuata. Somo lolote linalogusa mto, kila mmoja anaandaa nusu. Shangazi anaandika yale anayoyaona huku juu: mawe yenye ncha, maji ya haraka, kingo zinazobomoka. Kuhusu kule chini haandiki kitu, anaandika maswali tu. Wa Chini anayajibu, naye anaandika maswali yake kuhusu huku juu. Nusu mbili zikikutana, somo limekamilika. Kisha wanalituma kwenye kundi la walimu wa jiografia, na shule ambazo hata hatuzijui zinalifundisha.

Walimu wa kundi hilo hawana dogo. Somo likitumwa tu, mmoja anaandika: "Tumepokea. Mahari tutapokea lini?" Shangazi anaguna, anaigeuza simu kifudifudi mezani. Baada ya muda anaigeuza tena.

Mimi ni mtu wa kusoma kila kilicho mbele yangu, hata karatasi iliyofungiwa karanga, kwa hiyo maandalio yale niliyasoma. Nikagundua kwamba swali la mwisho la Shangazi halikuwa la wanafunzi. Juu ameandika, "Wanafunzi wataje tabia tatu za mto katika hatua ya uzee." Chini yake: "Matete yameshakauka, au bado mabichi?" Mara nyingine: "Jioni maji yanatoa sauti huko, au yamenyamaza kabisa?" Mtihani gani wa kidato cha pili unauliza sauti ya maji?

Kila msimu wa mvua, Wa Chini alituma chupa. Malori huja kwetu na mchanga wa kujengea kutoka huko chini, na dereva mmoja alikuwa akiiweka chupa ile kwenye kiti cha pembeni, ameifunga mkanda kama abiria. Akifika getini anapiga honi, anapiga kelele, "Madamu, mgeni wako huyu hapa, hajasumbua njiani!" Chupa imejaa maji ya mto, mekundu kama chai ya maziwa iliyochemka mno.

Nilipoingia kidato cha kwanza nikaiona kazi ya chupa ile kwa macho yangu. Shangazi aliitikisa mbele ya darasa, akaiweka dirishani, akatwambia tuandike kinachotulia kwanza. Mchanga ulishuka papo hapo. Kisha tope. Ule udongo laini kabisa ulibaki unaelea hadi kengele ikalia.

"Haya ni mashapo," akasema. "Yametoka wapi?"

"Kwetu!" darasa zima likajibu.

"Kwetu. Mvua imeuchukua udongo wa shamba la mama yangu na kuufikisha ziwani." Aliigusa chupa kwa kidole. "Udongo umeshafika. Mimi bado."

Darasa likacheka, tukidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Maana kila mwaka yeye ndiye aliyepanga safari ya kidato cha tatu kwenda kuona mto unavyoingia ziwani. Alipanga kila kitu, basi, chakula, mahali pa kusimama na maswali ya kuuliza, halafu kwenye mstari wa mwalimu msindikizaji akaandika jina la mtu mwingine. Ukimuuliza sababu, jibu lilikuwa moja: goti la Bibi. Nani atambeba Bibi hadi bafuni? Nani atamkanda kwa maji moto?

Wanafunzi waliporudi, picha zilikuwa zimeshamfikia kwenye simu. Alizikuza kwa vidole viwili. Hakutazama wanafunzi waliokunja nyuso kwa jua. Alitazama nyuma yao, maji na matete, kisha akashuka hadi chini ya picha. Wa Chini ndiye aliyekuwa mpiga picha siku zote, kwa hiyo tulichokiona ni kivuli chake tu kwenye nyasi. Shangazi akatoa somo hata kwenye kivuli hicho. "Hiki ni kirefu," aliniambia. "Basi ilikuwa saa sita mchana, au jioni?"

"Jioni."

"Enhee." Akaendelea kukitazama muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Mwaka huu nimefika kidato cha tatu. Chupa ilifika siku ya Jumamosi, shule imefungwa, ikabidi Shangazi aje nayo nyumbani. Akaiweka jikoni, akaenda kuoga. Bibi akajikokota kwa fimbo yake, akaona maji machafu, akayamwagia maua. Chupa akaisuuza vizuri, akaijaza mafuta ya kupikia.

Shangazi alitoka bafuni na taulo kichwani. "Mama! Chupa yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo? Nimekusafishia. Ilikuwa na uchafu."

"Uchafu? Mama, hayo ni maji ya mto!"

"Mto si uko hapo nyuma ya shule? Mtume mtoto akachote."

"Siyo hayo. Hayo ni ya chini!"

Bibi akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Yana ladha tofauti?"

Nilijiuma midomo nisicheke. Shangazi alikaa kwenye kibao cha jikoni, akafunika uso kwa ncha ya taulo, na mabega yakaanza kutikisika. Ndipo nikaona kwamba analia.

Jioni alimtumia Wa Chini ujumbe wa sauti, akamweleza yaliyotokea, akaomba chupa nyingine kwani somo ni wiki ijayo. Jibu lilikuja wakati anasahihisha madaftari, mkono mmoja una kalamu nyekundu, akabonyeza simu ikasikika nyumba nzima.

"Wa Juu," ile sauti nzito ilisema, "mimi chupa nimechoka kutuma. Hii njoo uchote mwenyewe."

Kalamu nyekundu ilibaki hewani.

"Mwambie unakwenda," Bibi akasema kutoka kwenye mkeka.

"Mama, na goti lako?"

"Goti bovu ni langu. La kwako lina nini?"

Shangazi akarudi kwenye daftari, akasahihisha jibu lililokuwa limeshasahihishwa.

"Miaka yote hii nasingiziwa goti," Bibi akaendelea. "Jirani yupo, fimbo ipo. Usinifanye mimi kuwa bwawa, mwanangu. Maji yapite."

Basi mwaka huu, kwenye mstari wa mwalimu msindikizaji, Shangazi akaandika jina lake.

Tuliondoka alfajiri. Mwanzoni hakukaa kimya hata kidogo: tazameni maporomoko, tazameni bonde linavyopanuka, nani ananiambia kwa nini mto umeanza kupinda? Lakini ardhi ilivyozidi kuwa bapa, ndivyo maneno yalivyozidi kupungua. Tulipoyaona matete, alikuwa ameikumbatia chupa tupu.

Mtu aliyetupokea alikuwa mfupi, kipara kinang'aa, suruali imekunjwa hadi magotini. "Huyo ndiye mwenye sauti ile?" rafiki yangu akaninong'oneza. Nikamkanyaga mguu.

"Karibu, Wa Juu."

"Nimeshakaribia."

Ni hayo tu. Kisha wakaanza kufundisha, naye Shangazi akauliza na Wa Chini akajibu, akauliza na akajibu, vilevile kama kwenye karatasi, isipokuwa safari hii maswali yalivuka hatua mbili tu za nyasi. Mto ulikuwa mpana, mvivu, umegawanyika mikono mingi kabla ya kuingia ziwani. Mwishowe, jua lilipoanza kushuka, Shangazi akasema, "Na jioni? Maji yanatoa sauti?"

 Wa Chini aliinua kidole tu, tusikilize.

Tukasikiliza sote. Kulikuwa na sauti, ndogo, kama mtu anayepekua kurasa chumba cha pili. Nikamtazama Shangazi. Nilitegemea atabasamu. Badala yake alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza karatasi ya mtihani mapema, na sasa hajui mikono aiweke wapi.

Akavua viatu, akaingia majini, akachota. Wakati wa kutoka Wa Chini alimpa mkono apande ukingo. Kupanda alimaliza, mkono bado haujaachiwa. Kidato cha tatu kizima kiliona, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule yetu hakuna aliyepiga mluzi.

Mlangoni mwa basi Wa Chini aliuliza, "Kesho utanitumia somo lipi?"

"Sijui," akasema Shangazi.

Tulirudi wengi wamelala, vichwa vinagongana. Nilihamia kiti cha pembeni yake. Chupa ilikuwa mapajani mwake, na kwa mitikisiko ya barabara tope halikupata nafasi ya kutulia.

"Shangazi," nikasema, "nilikuuliza nikiwa mdogo ukanituma rula. Miaka yote ile, kwa nini hukwenda tu? Na goti la Bibi usiniambie."

Aliigeuza chupa polepole, akaielekeza kwenye mwanga wa jioni uliobaki dirishani.

"Kila somo nilimwachia swali moja la kwake," akasema. "Niliogopa kwamba nikishaona kwa macho yangu, sitakuwa tena na la kumuuliza."