Unga wa Magoti

Nimemtumia mjukuu dawa anywe, yeye kaipeleka maabara!

Atupele wangu anasomea chuoni kupima dawa. Nilimtumia ule unga wa kienyeji ninaokunywa kwa maumivu ya magoti, umsaidie mgongo.

Leo kapiga simu analia. "Bibi, humu wamesagia vidonge vya hospitali, vinapandisha presha. Umekunywa?"

Mimi? Kila asubuhi! Na rafiki yangu Tumpe, mwenye presha, nilimgawia.

Nikakimbilia kwake Kisondela kwa bodaboda. Nimemkuta anaukoroga, nikamwaga kikombe.

"Ulinipa mwenyewe, leo unaninyang'anya?"

"Tumpe, vaa viatu."

Sasa tuko foleni hospitali, dada wa pembeni ananiandikia ujumbe huu. Tumpe kaninunia, ila mkono wangu hauachii.

Nyie wengine niliowagawia kanisani, njooni na unga wenu. Mnikasirikie mkiwa hapa.