Waliotuibia Ua la Nta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio, nami nikafagia kwa bidii mno. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mudaka kuja Bukavu kufanya usafi katika nyumba ya wageni ya watawa, ambao sisi tunawaita masera. Barza yao, yaani baraza ya mbele, ilijaa vyungu vya mimea. Kwenye mmoja uliotambaa ukutani niliona vikonyo vilivyobaki uchi baada ya maua kudondoka, nikaanza kuving'oa. Mtawa mzee mwenye aproni ya bluu akatokea nyuma yangu.

"Maman, unakata nini?"

"Takataka, Masera."

"Hii haiko takataka. Njo fasi, njo pahali ua inatokea. Kila mwaka inarudi palepale. Ukikata, tutangoja miaka." Akanitazama, akachukua fagio mkononi mwangu. "Kuanzia leo utatumika na miye. Bila kukufundisha, utaniulia yote."

Huyo ndiye Masera wa Maua, mkuu wangu wa kwanza, na mpaka leo sijapata mwingine wa kulinganisha naye. Mmea ule unaitwa ua la nta, kwa sababu maua yake hung'aa kama yamechovywa kwenye mshumaa. Alikuwa amepewa na mama yake alipoingia utawa, tawi dogo ndani ya mkebe, na alilipenda kuliko vyote.

Vijana wa siku hizi hununua mmea sokoni, wakaumwagia maji asubuhi na jioni, ukafa, wakalaumu muuzaji. Bukavu mvua ni nyingi, kwa hiyo mimea ya majani manene, ile inayojiwekea maji mwilini, tuliiweka chini ya paa isinyeshewe. Udongo wake tuliuchanganya na kokoto nyeusi nyepesi zilizoletwa kwa mashua kutoka Goma, ili maji yapite haraka. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi unachokata ili kiote upya, tulikikata chini ya kifundo, pale jani linaposhikana na shina, tukakiacha kivulini hadi kidonda kikauke. Ukikipanda kibichi kinaoza. Maua ya vitunguu, yale yenye shina nene kama kitunguu chini ya udongo, mfano amarilisi, tuliyanyima maji kiangazi chote mpaka majani yakauke, tukayalaza kwenye rafu. Mvua za Septemba zikianza tuliyarudisha kwenye vyungu, shingo zikiwa nje. Masera alikuwa mgumu wa kusikia, kwa hiyo masomo yote tuliyafanya kwa kupiga kelele.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufukuza wezi. Akina mama wa mtaa walipenda mimea yetu kupita kiasi. Mmoja angekuja kuuliza saa ya misa, akaondoka na tawi ndani ya kitenge. Mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa jirani yetu, Maman Nsimire, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya uzio wetu. Siku moja nilimshika getini na tawi la ua la nta. Nilimwita mwizi mbele ya mtaa mzima. Alikimbia nalo, na tangu hapo hakunisalimu. Sijutii. Kazi ni kazi.

Halafu vikaja vita vya kwanza vya Kongo. Masera walihamishwa, mimi nikapanda milima na watoto wangu. Niliporudi mjini, barza ilikuwa tupu. Waliopora nyumba walitaka vyungu, si mimea, basi walimwaga mimea chini na mbuzi wakamaliza kazi. Ua la nta lilikuwa limeng'olewa ukutani hadi mzizi.

Masera wa Maua alirudi amekonda. Kila asubuhi alivaa aproni yake ya bluu, akakaa kwenye kiti akiutazama ukuta ule. Mama Mkuu mpya, mtu wa mipango lakini si mbaya, aliniita ofisini.

"Barza tutaweka magunia ya maharagi," alisema. "Na Masera tutamutuma kwa nyumba ya bazee, mbali na huku. Hapa hana tena kazi. Anakufa polepole, unaona?"

"Na kama kazi iko?"

"Ilete niione. Dimanshi magunia inafika."

Nilitoka pale nimechemka, na Jumapili ilikuwa karibu. Kumtoa Masera Bukavu lilikuwa jambo ambalo sikuweza kulimeza. Nilizunguka barza ile tupu hadi nikakumbuka ni nani aliyekuwa na mimea yetu. Wezi wangu. Nilivaa kitenge safi nikaenda kubisha kwa yule niliyemtukana kuliko wote.

Maman Nsimire alinisikiliza mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye njo uliniita mwizi mbele ya batu," alisema.

"Ndiyo, njo miye."

"Sasa unakuya kuomba."

"Nakuya kuomba. Haiko ya miye, iko ya Masera. Banataka kumupeleka mbali."

Alishusha mikono. "Sikupi kitu," akasema. "Nitaleta miye mwenyewe. Na nitapita ku geti, weye utanifungulia."

Nilimfungulia. Nyuma yake walikuja wengine aliowaita, kila mmoja na kilichokuwa chetu: amarilisi kwenye sufuria iliyotoboka, mmea uitwao ulimi wa mama mkwe kwenye bidoni ya mafuta iliyokatwa, majani manene kwenye mikebe ya nyanya. Wengine sikuwahi kuwashuku hata siku moja. Masera alisimama. Alipita kwenye mikebe akigusa udongo kwa kidole.

"Nani ameweka hii maji mingi hivi?" akafoka, nami nikajua amepona.

Maman Nsimire, aliyewapisha wengine wote getini, alikuja mwisho, amekumbatia beseni. Ua la nta lilikuwa limetambaa juu ya vijiti, limechanua, na vikonyo vyake vya zamani vilikuwepo vyote. Masera alivipapasa kimoja kimoja.

"Nani alikufundisha usikate?"

"Ni weye, Masera. Mulikuwa munapiga kelele kila siku. Miye nilikuwa naanika nguo kwa uzio, nasikia."

Masera alilia, na sote tukalia naye. Mama Mkuu alituma magunia yapelekwe kwingine. Vita vingine vilikuja, lakini Masera hakuondoka tena. Alifia Bukavu, na Maman Nsimire akaandikwa kazi pamoja nami.

Siku yangu ya kustaafu walinipa kitenge, wakasema maneno mazuri. Niliaga, nikapita barzani mara ya mwisho, nikavunja tawi la ua la nta na kulificha ndani ya kitenge kile. Maman Nsimire alikuwa getini.

"Mwizi!" akapaza sauti, mtaa mzima ukageuka. Kisha akafunua kitenge, akalikagua lile tawi.

"Umekata chini ya kifundo," akasema. "Sawa. Pita."