Wiki Tatu Bila Nazi

Kijicho si kitu kizuri, najua, lakini ngoja niseme ukweli: mwaka ule nilimwonea mdogo wangu wa tumbo moja kijicho mpaka nikajiogopa. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo, inakaa mbele yangu kila mlo inamega wali wa nazi.

Tumbo lilikuwa linanijaa, ngozi inaniwasha, hata dukani Kariakoo namkunjulia mteja doti ya kitenge huku najikuna. Daktari mmoja kule Mchafukoge akaniambia niache vitu vitano kwa wiki tatu: ngano, maziwa, mayai, karanga na nazi. Nikitulia, nirudishe kimoja kimoja, tumjue mchawi ni nani. Nikamwomba Mungu awe yeyote, asiwe nazi.

Kwetu Magomeni tunakula sinia moja. Sasa mama akanitenga na kibakuli changu cha wali wa mafuta na mchicha. Mdogo wangu anakula kila kitu, analamba vidole, na hata kipele hakimtoki!

"Pole dada," ananiambia, mdomo umejaa.

Pole ya nini, mtoto wewe? Nilitamani angalau ajikune mara moja.

Wiki tatu zikaisha, tumbo liko vilevile. Nikalia, maana nilijinyima bure. Jumamosi moja nikawahi kurudi, nikamkuta mama anamimina tui kwenye mchicha wangu.

"Mama! Si nimekatazwa nazi?"

"Nazi ipi? Tui zito nimemtilia mwenzio. Hili la pili ni maji tu. Nikupe mchicha mkavu, umenikosea nini?"

Nikaanza upya, najipikia mwenyewe. Safari hii tumbo likanywea. Nikarudisha ngano, salama. Maziwa, mayai, karanga, salama. Nazi niliiweka mwisho. Nilikula mchana, na kabla ya magharibi mwili mzima umeumuka vipele.

Mama alivitazama vile vipele. Kesho yake akaisukuma mbuzi ya kukunia nazi uvunguni, akapika wali wa mafuta kwa wote. Mdogo wangu akaonja, akanuna.

"Mama, tutakula hivi mpaka lini?"

"Mpaka nichoke mimi ninayepika."

Nikamega tonge kubwa, namtazama usoni anavyotafuna kwa shida. Mungu anisamehe, wali mtamu kama ule sijawahi kula.