Picha ya Shingo Iliyogoma Kufunguka

Mpiga eksirei wa hospitali ile ndogo walimwita Mama Usipumue, kwa amri aliyowapa wagonjwa kutwa nzima. Mwenyewe alicheka tu. Hakuwa mtu wa kubabaika.

Asubuhi moja aliletwa fundi mwashi aliyeanguka kutoka ghorofani, mkewe akitembea kando ya machela. Mama Usipumue alipiga picha, akaona ufa kwenye mfupa wa shingo, akaituma kwa barua pepe kwa daktari bingwa wa hospitali kuu. Gari la wagonjwa likaondoka na mgonjwa kwenda huko.

Punde simu ikalia.

"Mama, umenitumia nini?" daktari aliuliza. "Naona faili linaitwa winmail.dat. Halifunguki ng'o!"

"Natuma tena, daktari."

Likafika lilelile. Karani wa mapokezi akasema mtandao umelala.

"Ungelala, hata hiyo barua isingefika," akamjibu, akavuta kiti.

Akaituma picha kwenye kompyuta ya karani, iliyotumia programu ya barua kama yake. Ikafunguka mara moja. Akaituma kwenye simu yake, yenye programu nyingine: winmail.dat! Hapo akatabasamu. Picha ilikuwa nzima. Programu yake ndiyo iliyoifungasha kwa namna ambayo programu nyingine hazikujua kuifungua.

Akaingia kwenye mipangilio. Kompyuta ilikuwa mpya, na barua zake zilikuwa zimepangwa ziende na madoido, rangi na herufi za kila aina. Akayaondoa yote, akachagua maandishi ya kawaida, kisha akajaribu tena kwenye simu yake. Shingo ya fundi ikatokea, nyeupe pee.

Akaituma upya kwa daktari, akampigia. "Fungua sasa."

Daktari akaifungua. "Eeh! Kumbe pamevunjika mahali pawili. Mama, umeniokoa. Naandaa chumba cha upasuaji sasa hivi."

Gari lilipofika hospitali kuu, madaktari walikuwa wanamsubiri fundi mlangoni.

Kesho yake mke wa fundi alipiga simu. "Dada, amechezesha vidole vya miguu! Na ameanza kulalamika njaa."

"Mpe pole. Mwambie njaa ni dalili nzuri."

Alipokata simu alijifuta macho kwa mkono wa koti. Mlangoni mzee mmoja alikuwa anachungulia, kiganja kimevimba.

"Karibu, babu," akamwambia. "Vua hiyo saa, tuanze."